Viza za pointi: jipigie hesabu mwenyewe kabla hujamlipa mtu

Aliyesoma Tanzania amezoea pointi za NECTA, ambako uchache ndio sifa. Pointi 7 ni divisheni wani ya kutangaziwa mtaa mzima. Pointi 32, cheti kinafichwa chini ya godoro. Kwenye viza za wenye ujuzi, za kwenda kuishi na kufanya kazi nje, hesabu imegeuzwa. Huku wingi ndio mali, na kufikisha alama ya chini bado si kufaulu. Kunakupa tu haki ya kupanga foleni, na foleni yenyewe inapangwa kwa pointi, wala haijali nani aliwahi kufika.

Hapo ndipo wengi wetu hapa Dar tunapopigwa. Mtu anaambiwa "una vigezo, lete hela tuanze", anatoa laki kadhaa, kisha anakaa mwaka mzima anafungua barua pepe kila asubuhi na mwaliko wa kuomba viza hauji. Na ukichunguza, vigezo kweli alikuwa navyo. Alichofichwa ni kwamba wenye vigezo ni wengi mno, na wanaoitwa ni wale wa juu.

Habari njema ni kwamba kanuni zote ziko wazi kwenye tovuti za serikali husika, na vikokotoo vyake ni bure. Ukiwa na kalamu na nusu saa unaweza kujua umesimama wapi. Ili tusiongee hewani, tumchukue mtu mmoja: mhasibu wa miaka 31, hana mke wala mtoto, ana shahada ya kwanza, ana miaka mitano kazini kwenye kampuni moja ya Barabara ya Nyerere, na IELTS yake, yaani mtihani wa Kiingereza, ni 7.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 6.5 kuandika na 6.5 kuongea. Mtu mwenyewe ni wa kubuni, ila pointi zake ni za kanuni zilivyo. Nitamtembeza nchi tatu.

Hatua ya 1: Jua ni pointi za aina gani

Kanada ndiyo iliyoanzisha mtindo huu mwaka 1967, ili afisa wa uhamiaji aache kuangalia mtu katoka nchi gani, aangalie elimu, lugha, umri na kazi. Nchi nyingine zikafuata, lakini leo neno ni moja na mifumo ni mbalimbali.

Kanada na Australia ni mifumo ya foleni: unavuka alama ya chini, unaingia kwenye kundi, serikali inaita wa juu kwa awamu, au raundi. Ujerumani ni kizingiti: ukifikisha pointi 6 za kadi yao ya fursa, Chancenkarte, hushindani na mtu.

Uingereza ni pointi kwa jina tu. Unatakiwa 70, na zinatoka hivi: 20 kwa kuwa na mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, 20 kwa kiwango cha kazi, 10 kwa Kiingereza, 20 kwa mshahara. Ukikosa fungu moja umekosa zote, kwa hiyo bila mwajiri hakuna cha kukokotoa. Tangu 22 Julai 2025 mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka na kazi iwe ya ngazi ya shahada. Siku hiyohiyo walifunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba ana nafasi za kulea wazee London kwa watu walioko Dar, muulize amesoma tangazo la mwaka gani. New Zealand nayo inadai pointi 6, lakini lazima uwe na kazi au ofa ya kazi huko, kwa hiyo nayo tuiweke pembeni.

Hatua ya 2: Vuka mlango kwanza

Mlango wa Kanada kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi kule unaitwa Federal Skilled Worker. Una masharti yasiyo na mjadala: angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka kumi iliyopita, cheti kilichotathminiwa, na lugha isiyopungua CLB 7 katika stadi zote nne. CLB ni kipimo cha lugha cha Kanada; kwa IELTS, CLB 7 ni 6.0 kila stadi. Baada ya hapo unatakiwa kupata pointi 67 kati ya 100. Lugha inabeba 28, elimu 25, uzoefu 15, umri 12, ajira iliyokwishapangwa 10, na uwezo wa kuzoea maisha ya kule 10.

Mhasibu wetu anapata 12 za umri, 21 za shahada, 13 za miaka mitano ya kazi. IELTS yake ni CLB 8 kote, pointi 5 kwa kila stadi, yaani 20. Jumlisha: 66.

Amekosa kwa pointi moja. Wakala anayekusanya ada bila kukokotoa angemchukulia hela yake hivihivi, faili likakataliwa bila hata kufika kwenye foleni.

Ana njia tatu za kuziba pengo. Akifikisha miaka sita kazini, uzoefu unakuwa 15 na jumla inakuwa 68. Akirudia mtihani na kusoma kukapanda kutoka 6.5 hadi 7.0, anapata 67 kamili. Au awe na ndugu Kanada, jambo linaloleta pointi 5.

Hapo kwenye ndugu twende taratibu, maana undugu wetu ni mpana kuliko wa fomu zao. Kwenye mlango huu wanahesabu mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, kaka na dada, shangazi, mjomba, baba mdogo au mkubwa, mama mdogo au mkubwa, na watoto wa kaka au dada yako. Awe raia au mkazi wa kudumu, na awe anaishi Kanada. Mtoto wa baba mdogo, ambaye nyumbani unamwita kaka na hakuna anayeshangaa, hahesabiki. Na kwenye hesabu ya foleni tunayoiendea sasa hivi mambo yanabana zaidi: kaka au dada tu ndiye mwenye pointi, nazo ni 15. Kuthibitisha ni kwa vyeti vya kuzaliwa vya RITA vinavyoonesha mzazi mnayechangia, kwa hiyo kama cha kaka yako hakijawahi kutolewa, anza nacho mapema.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya foleni

Foleni ya Kanada, Express Entry, ilianza Januari 2015. Ina kipimo kingine kabisa, chenye jumla ya pointi 1,200. Watu huchanganya 67 ya mlangoni na hizi, halafu wanabishana kwenye makundi ya WhatsApp kumbe kila mmoja anasema jambo lake.

Tuseme mhasibu amevuka mlango kwa sababu shangazi yake anaishi Toronto. Kwenye foleni anakuwa hivi:

- Umri wa miaka 31: 99
- Shahada moja: 120
- Kiingereza CLB 8, pointi 23 kwa kila stadi: 92
- Shahada ikichanganywa na lugha: 13
- Uzoefu wa nje ya Kanada ukichanganywa na lugha: 25

Jumla 349. Kwa raundi za miaka ya karibuni, hiyo haiitwi. Raundi za walio na uzoefu wa kazi wa Kanada zilikuwa juu ya 500 mwaka mzima wa 2025.

Sasa mrudishe kwenye chumba cha mtihani. Atoke na 8.0 kusikiliza, 7.0 kusoma, 7.0 kuandika, 7.0 kuongea. Ni nusu bendi (nusu alama ya IELTS) tu kwa kila stadi, lakini sasa ni CLB 9. Lugha inapanda hadi 124, shahada na lugha inakuwa 25, uzoefu na lugha inakuwa 50. Jumla mpya ni 418. Nusu bendi nne zimeleta pointi 69.

Lakini angalia mtego. Yale mafungu mawili ya mchanganyiko yanaangalia stadi yako ya chini kabisa. Akipata 8.0, 7.0 na 7.0, kuandika kukabaki 6.5, lugha inakuwa 116 na mafungu ya mchanganyiko yanabaki 13 na 25 kama zamani. Jumla 373. Yaani nusu bendi moja ya kuandika inamgharimu pointi 45. Ndiyo maana nasema hela ya tuisheni iende kwenye kuandika, siyo kwenye madarasa ya kuongea Kizungu cha kwenye simu. IELTS inayotakiwa Kanada ni ya General Training, yenye barua na insha, na siyo Academic. Ukijisajili kimakosa Academic, matokeo yako hayana kazi huko hata yakiwa mazuri vipi.

Hatua ya 4: Tafuta pointi zilipo kwa bei nafuu

Lugha ndiyo ya kwanza, umeiona. Zinazofuata nazipanga kwa maoni yangu, kufuatana na jasho na fedha.

Kifaransa. Ukifikisha kiwango cha 7 cha Kanada katika stadi zote nne (ni kama B2 kwenye ngazi za lugha za Ulaya, zinazoanzia A1 hadi C2), mhasibu wetu mwenye 418 anaongeza 12 za lugha ya pili na 50 za nyongeza ya Kifaransa, anakuwa 480. Kubwa zaidi, Kanada ina raundi maalumu za wanaojua Kifaransa, na mwaka 2025 alama zake za mwisho zilicheza kati ya 379 na 481. Yaani mtu ambaye kwenye raundi ya kawaida angesota, hapa yumo. Si kazi ya miezi mitatu. Kuanzia sifuri hesabu mwaka mzima na zaidi, ukisoma kwa nidhamu. Alliance Française ipo Upanga, na wanaotoka kazini Posta wanaweza kupitia jioni kabla ya kuifuata foleni ya mwendokasi. Mitihani inayokubalika ni TEF Canada na TCF Canada.

Shahada ya uzamili. Ingempa mhasibu mwenye CLB 9 pointi 40 tu: 15 za elimu na 25 za mchanganyiko. Ni miaka miwili na mamilioni ya ada kwa pointi pungufu kuliko zile za nusu bendi nne. Kama unaisoma kwa ajili ya kazi yako, sawa. Kama unaisoma kwa ajili ya pointi peke yake, umenunua ghali.

Uteuzi wa jimbo unatoa pointi 600 kwa mkupuo, na kwa vitendo ni mwaliko wa uhakika. Kila jimbo lina orodha yake ya kazi na masharti yake, na mengi yanapenda mtu mwenye ofa au aliyesoma kwao. Ofa ya kazi peke yake, ambayo zamani ilikuwa na pointi 50 au 200, tangu 25 Machi 2025 haina pointi yoyote kwenye foleni. Bado nawasikia watu wanaouziwa barua za ofa "za kuongeza pointi". Ni karatasi.

Uzoefu wa kazi ni wa ajabu kidogo. Kwenye foleni, miaka mitatu ya kazi ya nje ya Kanada na miaka kumi na tano ni sawasawa. Wakati huohuo umri unakula: 20 hadi 29 ni pointi 110, miaka 31 ni 99, 35 ni 77, 40 ni 50, na 45 ni sifuri. Meneja wa benki mwenye miaka 41 anayeringia uzoefu wake anapitwa na kijana aliyemwajiri juzi. Na pointi zinashuka siku ya kuzaliwa kwako, hata kama tayari upo ndani ya foleni.

Wenye ndoa, pigeni hesabu mara mbili. Mwombaji mwenye mwenza ana mgawanyo mwingine: umri wake mwisho ni 100, na mwenza anachangia hadi 40 kwa elimu, lugha na uzoefu wa Kanada. Kwa mazoea yetu baba ndiye anajiandika mwombaji mkuu. Kama mama ni muuguzi wa Muhimbili, ana miaka 29, na Kiingereza chake kimenyooka, mwanaume kaa pembeni: Kanada ina raundi maalumu za watu wa afya, na pointi za mkeo huenda zikakubeba wewe na watoto.

Hatua ya 5: Mpeleke mtu huyohuyo nchi nyingine

Australia inadai 65 ili uingie kwenye foleni yao, SkillSelect. Kwa IELTS yake ya kwanza mhasibu anapata 30 za umri (25 hadi 32 ndiyo kilele), 15 za shahada, 10 za miaka mitano ya kazi, 10 kwa kuwa hana mwenza, na Kiingereza sifuri. Ndiyo, sifuri. Kwao 6 kila stadi ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. 7 kila stadi ni pointi 10, na 8 kila stadi ni 20. Jumla yake ni 65, kwenye mstari kabisa. Akifikisha 7 kote anakuwa 75. Jimbo likimteua kwa viza namba 190 anaongezewa 5, na kwa namba 491, ya kuishi nje ya miji mikubwa, anaongezewa 15. Kuna pia pointi 5 za mtihani wa lugha ya jamii unaosimamiwa na NAATI, taasisi yao ya wakalimani na wafasiri, na Kiswahili kimo kwenye orodha yao. Hizo ni pointi zilizolala mdomoni mwako.

Tofauti kubwa ya Australia ni kwamba taaluma yako inapimwa kwanza na bodi yao, na bodi hiyo ndiyo inayosema miaka yako mingapi ni ya ujuzi. Watu wa TEHAMA wanaopimwa na ACS, bodi ya fani hiyo, hukatwa miaka ya mwanzo, kwa hiyo aliyejihesabia miaka mitano anaweza kurudishiwa mitatu au pungufu. Usijiandikie pointi za uzoefu kabla jibu la bodi halijafika. Na ukishafikisha miaka 45 Australia imekwisha, kwa viza hizi.

Ujerumani, kwa mtu huyuhuyo, inakuwa hivi: miaka mitano ya kazi ya fani yake ndani ya miaka saba iliyopita, pointi 3; umri usiozidi 35, pointi 2; Kiingereza cha C1, pointi 1. Jumla 6, amefika. Wastani wa IELTS yake unatua kwenye 7.0, ambayo ndiyo C1, lakini mimi nisingeegemea hapo tu. Kijerumani cha A2 nacho ni pointi 1, B1 ni 2, na Goethe-Institut ipo palepale Upanga. Kabla ya pointi, shahada yako itambulike: tafuta chuo chako na shahada yako kwenye hifadhidata yao ya anabin, chuo kiwe na alama H+.

Ila elewa unachopewa. Chancenkarte, iliyoanza 1 Juni 2024, ni ruhusa ya mwaka mmoja ya kwenda kutafuta kazi, ukiruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Si ukazi wa kudumu. Kwa mwaka 2025 walitaka uoneshe euro 1,091 kwa kila mwezi, kwa kawaida zikiwa zimefungiwa kwenye akaunti maalumu: zaidi ya euro 13,000 kwa mwaka. Mhasibu asiyejua Kijerumani, kwa maoni yangu, atatumia mwaka huo kuosha vyombo. Fundi umeme au mtu wa programu ana nafasi nzuri zaidi.

Hatua ya 6: Barua ya kazi

Hapa ndipo maombi mengi ya kutoka kwetu yanapofia, na hakuna anayelizungumza kwa sababu halina mvuto kama pointi.

Barua ya kawaida ya mwajiri wa Dar inasema fulani alikuwa mtumishi wetu kuanzia mwaka fulani, ni mwaminifu, mchapakazi, tunamtakia kila la heri huko aendako. Kwa afisa wa Kanada barua hiyo haijasema kitu. Yeye anataka cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, na juu ya yote majukumu yako halisi. Majukumu ndiyo yanayolinganishwa na orodha yao ya kazi, NOC, ambayo kila kazi ina namba. Orodha imegawanywa madaraja 0 hadi 5, na kinachohesabika kuwa ujuzi ni 0 hadi 3.

Kwa mhasibu wetu jambo hili ni la kufa na kupona. Namba 11100 ni wahasibu na wakaguzi, daraja la 1. Namba 12200 ni watunza vitabu vya hesabu, daraja la 2. Namba 14200 ni makarani wa hesabu, daraja la 4. Kampuni ikimwita "msaidizi wa hesabu" na barua ikaorodhesha kuandika risiti, kupeleka fedha benki na kupanga mafaili, yupo daraja la 4 na miaka yake mitano haihesabiki hata siku moja. Kama kiukweli alikuwa anafunga hesabu za mwezi, anaandaa ritani za VAT za TRA na kukaa na wakaguzi wa nje, hayo ndiyo yaandikwe. Usinakili maneno ya NOC kama yalivyo. Afisa anayajua kwa moyo, na barua iliyonakiliwa inanuka.

Mazungumzo na ofisi ya rasilimali watu nayo tunayajua.

"Shikamoo dada. Naomba barua ioneshe majukumu, saa za kazi na mshahara."

"Marahaba kaka. Sisi tuna fomati moja tu. Mshahara hatuandiki."

Usigombane naye. Chukua barua yao hiyohiyo, halafu izungushie ushahidi: mkataba wa ajira, maelezo ya kazi yaliyogongwa muhuri, hati za mishahara za miezi na miaka, taarifa ya michango ya NSSF, na barua ya msimamizi wako wa moja kwa moja anayekubali kueleza ulichofanya, yenye namba yake ya simu na barua pepe ya kazini. Ongeza maelezo yako mafupi kwa nini mwajiri hakuandika yote. Aliyefanya kazi miaka minne dukani kwa mjomba, akilipwa mkononi bila mkataba wala NSSF, ana kazi ngumu sana. Asijidanganye kwamba barua moja yenye muhuri wa duka itatosha. Na usighushi. Kanada ikikukamata na udanganyifu inakufungia miaka mitano.

Hatua ya 7: Vyeti na majina

Kanada inataka tathmini ya cheti kutoka taasisi walizoziidhinisha. WES ndiyo inayotumiwa zaidi na Watanzania. Chuo chenyewe ndicho kinatuma transkripti, si wewe, na ofisi za msajili zina kasi yake. Lipia, chukua risiti, mjue kwa jina anayeshika faili. Tathmini inadumu miaka mitano, matokeo ya IELTS miaka miwili, kwa hiyo anza na tathmini, mtihani ufuate.

Kisha weka vyeti vyako vyote mezani usome majina herufi kwa herufi. Cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, pasipoti imeweka la babu mbele, NIDA wameandika "Mohamed" na cheti cha kuzaliwa "Mohammed". Hapa nyumbani hakuna anayejali, huko nje ni watu wanne tofauti. Makosa ya tahajia unaweza kuyaeleza kwa kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Hatua ya 8: Fedha ya kuonesha

Kwa kiwango kilichoanza Julai 2025, mtu mmoja asiye na ofa alitakiwa kuonesha dola 15,263 za Kanada, na kiwango hupanda na idadi ya familia. Hurekebishwa kila mwaka. Barua ya benki ioneshe namba ya akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la sasa na wastani wa miezi sita iliyopita. Neno zito hapo ni wastani. Kuazima milioni thelathini kwa rafiki zikalala kwenye akaunti wiki mbili hakusaidii, kunaleta maswali. Mkopo haukubaliki. Kiwanja cha Kigamboni hakihesabiki mpaka kiuzwe na fedha iingie benki pamoja na mkataba wa mauzo. Fedha ya mchezo wa kupeana nayo ni yako siku ukipokea, ila weka maelezo, maana kwa macho ya afisa ni kiasi kikubwa kilichoibuka ghafla.

Hatua ya 9: Wasifu, mwaliko na siku 60

Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure, na unadumu miezi 12. Kutuma nia SkillSelect nako ni bure. Pointi unajiandikia mwenyewe, lakini siku ukiitwa unathibitisha kila moja, na ukikutwa ulijiongezea unakataliwa na ada imekwenda. Pointi zikilingana, Kanada humtanguliza aliyewasilisha wasifu mapema.

Mwaliko ukija, nchi zote mbili zinakupa siku 60, na kwa Dar siku hizo ni chache. Cheti cha polisi kinahitaji alama za vidole, na kama uliishi nchi nyingine miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka kumi, unatakiwa kupata na cha huko. Tangu 21 Agosti 2025 waombaji wa Express Entry wanafanya uchunguzi wa afya kabla ya kuwasilisha maombi, tena kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada, si hospitali yoyote ya jirani. Pasipoti inayokaribia kuisha badilisha kabla hujaingia kwenye foleni, usisubiri mwaliko.

Ukitaka mtu wa kukusaidia, sawa, fomu ni ndefu. Kwa Kanada, anayekulipisha kwa ushauri wa uhamiaji lazima awe wakili wa huko au awe kwenye daftari la chombo chao kinachosimamia washauri, na daftari hilo lipo mtandaoni. Mwombe namba yake ya uanachama, itafute mwenyewe ukiwa nyumbani, na mwambie jina lake liandikwe kwenye fomu ya mwakilishi, IMM 5476. Akikwepa kuandikwa, chukua vyeti vyako halisi siku hiyohiyo.